Dakika 30 za mazoezi nyumbani: anayeanza huchoma kalori ngapi hasa?

Anza_Polepole

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa hesabu. Mimi ni mwanamke, miaka 34, kilo 92, urefu sentimita 168, na sijafanya mazoezi kwa miaka mingi. Nafuata video ya dakika 30 mara nne kwa wiki: kupasha mwili joto, kisha sekunde 40 za kazi na sekunde 20 za pumziko (kuchuchumaa, pushapu za kupiga magoti, kupanda stuli, kuruka huku mikono na miguu ikifunguka), mwisho kujinyoosha. Raundi nyingi siimalizi, nasimama kuvuta pumzi.

Video inasema ni kalori 400. Saa ya mkononi inaandika 310. Programu ya simu, nikichagua "mazoezi ya viungo, makali", inatoa 386. Nishike ipi? Na kwa kuwa nahema kuliko mtu aliyezoea, si ina maana nachoma zaidi yake?

Mizani_na_Saa

Dada, zote tatu ziko juu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linalopoteza wengi.

Kalori huchomwa kwa oksijeni. Kila lita moja ya oksijeni ambayo mwili unaitumia ni sawa na kalori 5 hivi (kalori hizi za kwenye saa na vyakula ni kilokalori). Kuinua kilo 92 juu ya stuli kunadai oksijeni karibu ileile, uwe umezoea au hujazoea. Asiyezoea hupoteza nguvu kidogo kwa kuyumba na kukaza misuli isiyohitajika, lakini ni kidogo kweli. Kinachotofautiana ni uwezo: kazi ambayo kwa aliyezoea ni theluthi ya uwezo wake, kwako inaweza kuwa theluthi mbili. Kuhema kunakuonyesha uko karibu kiasi gani na dari lako, hakukuonyeshi umefanya kazi kubwa kiasi gani. Jasho ndiyo kabisa usilihesabu. Chumba kikiwa na joto, utalowa hata kwa kazi ndogo.

Hilo dari ndilo kipimo chako cha kwanza cha kukagua namba yoyote. Mtu mzima ambaye hafanyi mazoezi mara nyingi ana uwezo wa juu wa oksijeni wa mililita 25 hadi 30 kwa kila kilo kwa dakika. Tuchukue 28. MET moja, yaani kiwango cha mapumziko kinachotumika kwenye majedwali, ni mililita 3.5, kwa hiyo dari lako ni MET 8 hivi. Hakuna anayekaa darini nusu saa. Anayeanza hushikilia nusu ya hapo au zaidi kidogo, yaani MET 4 hadi 5.

Sasa fanya hesabu. Kalori kwa dakika ni MET × 3.5 × kilo ÷ 200. Kwa kilo 92, kila MET moja ni kalori 1.61 kwa dakika. Ili uchome 400 kwa dakika 30 ungehitaji MET 8.3 mfululizo bila kusimama, yaani uwe juu ya dari lako kwa nusu saa nzima. Haiwezekani. Namba ya video itupe.

Programu ya simu imefanya hesabu hiyohiyo: 8 × 1.61 × 30 ni 386. Ile 8 inatoka kwenye orodha iitwayo Compendium of Physical Activities, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1993 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Toleo la 2011 linayapa mazoezi ya viungo makali MET 8.0, ya wastani 3.8, mepesi 2.8, kujinyoosha 2.3. Orodha ni nzuri, ila inatumiwa vibaya kwa namna mbili. Kwanza, neno "makali" pale linaelezea kazi iliyofanyika, halielezei jinsi wewe unavyojisikia. Pushapu za magoti zilizovunjwavunjwa na mapumziko si kazi kali hata kama moyo unadunda hadi masikioni. Pili, programu inazidisha dakika zote 30 kana kwamba hukusimama.

Njia ya uhakika zaidi: weka simu ikurekodi kikao kimoja, kisha iangalie ukiwa na saa na kalamu, uandike dakika ulizofanya kazi kweli. Utashangaa. Kwa maelezo yako nakadiria hivi:

Kupasha mwili, dakika 5 kwa MET 2.8: kalori 23.
Kazi halisi, dakika 12 kwa MET 5: kalori 97.
Mapumziko, dakika 9 kwa MET 2: kalori 29.
Kujinyoosha, dakika 4 kwa MET 2.3: kalori 15.

Jumla 164. Mapumziko nimeyapa MET 2 kwa sababu oksijeni haishuki papo hapo. Sekunde 30 baada ya kusimama bado unatumia kiasi kizuri. Ukizidisha dakika tatu umekaa kwenye kiti, weka 1.3.

Kisha toa kalori ambazo ungezitumia hata ungebaki umekaa. Kwa fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, kwa mwanamke ni 10 × kilo + 6.25 × sentimita − 5 × umri − 161. Kwako ni 1,639 kwa siku, sawa na 1.14 kwa dakika, au 34 kwa nusu saa. Zinabaki kama 130. Kwa uaminifu andika "kati ya 100 na 160" uendelee na maisha. Usiandike 131.

Pumzi_Mbili

Mizani kaeleza vizuri, mimi naongezea upande wa saa.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Mapigo ya moyo vilisoma vizuri, sita kati ya saba vikiwa na kosa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori, kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa asilimia 27, na kibovu kuliko vyote kwa asilimia 93. Kwa hiyo mapigo unayoyaona pengine ni sahihi, lakini hesabu ya kuyageuza kuwa kalori ndiyo inayoyumba.

Kwa anayeanza inayumba zaidi, na sababu zake zinajulikana.

Saa haijui dari lako. Chukua mapigo 150, mapigo ya kupumzika 78, ya juu 186 (220 kutoa umri, makadirio tu). Hapo umetumia theluthi mbili ya nafasi uliyonayo. Ukiwa na dari la mililita 28 hiyo ni kalori 9 hivi kwa dakika. Saa ikidhani dari lako ni 35, itaandika zaidi ya 11. Mapigo ni yaleyale, na tayari namba imezidi kwa robo.

La pili, kwenye mazoezi ya kukatakata mapigo huchelewa kushuka. Umekaa chini unapumua, misuli imetulia, moyo bado uko 140, na saa inahesabu kama bado unaruka. La tatu ni kazi za kujishikilia: planki, kukaa ukutani, pushapu ukiwa umeganda chini. Misuli iliyokazwa inabana mishipa, presha inapanda, mapigo yanapanda, oksijeni inayotumika ni ndogo. Watu wengi pia hubana pumzi hapo, na hilo acheni kabisa. Toa pumzi unaposukuma.

Dawa yake ni kuipima saa yako kwa kazi ambayo gharama yake inajulikana. Kupanda stuli kuna fomula ya Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani. Inafaa kwa kimo cha sentimita 4 hadi 40 na mizunguko 12 hadi 30 kwa dakika. Fanya hivi:

1. Tafuta stuli au ngazi imara, isiyoteleza, kimo sentimita 20. Pima kwa rula, usikisie.
2. Weka programu ya mdundo kwenye midundo 80 kwa dakika. Kila mdundo hatua moja: kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto chini. Huo ni mzunguko mmoja, hivyo unapata 20 kwa dakika.
3. Endelea dakika 10. Nyoosha magoti kila ukifika juu. Usishike ukuta wala kiti, maana kila kilo unayoiegemeza inapunguza kazi na fomula haijui.
4. Andika mapigo ya dakika ya 8 hadi ya 10, na kalori ambazo saa imeandika kwa dakika zote 10.

Oksijeni kwa kilo kwa dakika ni 0.2 × 20 + 1.33 × 1.8 × 0.20 × 20 + 3.5, sawa na mililita 17.1. (Ile 1.33 ipo kwa sababu kushuka nako kunagharimu, kama theluthi ya kupanda.) Kwa kilo 92 ni lita 1.57, yaani kalori 7.9 kwa dakika, 79 kwa dakika 10. Gawanya 79 kwa namba ya saa, umepata kizidishio chako.

Ikiwa dakika ya tatu huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika, acha. Shusha kimo hadi sentimita 15 na mizunguko 15, midundo 60. Hapo jibu ni kalori 5.5 kwa dakika. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au goti linalochoma ni kusimama mara moja na kumwona daktari, si kupunguza kasi. Na anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo asitumie njia yoyote ya mapigo. Abaki na ile ya dakika na MET.

Anza_Polepole

Asanteni sana. Nimefanya ya sentimita 20, nikamaliza. Mapigo mwishoni 148, saa ikaandika 112. Kizidishio ni 0.7. Lakini 310 × 0.7 ni 217, na Mizani kaniambia 164. Nani yuko sahihi? Na je, kalori nilizochoma nizile tena?

Pumzi_Mbili

Dada, kizidishio kinafaa kazi ya mfululizo tu: kutembea, kupanda stuli, kuendesha baiskeli ya ndani. Video yako ni ya kukatakata na ina pushapu, kwa hiyo lile kosa la moyo kuchelewa kushuka bado limo ndani ya 217. Shika 164 kwa video. Siku za kazi mfululizo, tumia saa × 0.7.

Kijiko_Kimoja

La kula naomba nilijibu, kwa sababu hapo ndipo kazi yote hii inapopotelea.

Angalia kwanza programu yako ya chakula ilikuuliza nini mwanzoni. Ukichagua "sina mazoezi" inazidisha 1,639 kwa 1.2, unapata 1,967 kwa siku. Ukichagua "mazoezi mepesi" inazidisha kwa 1.375, unapata 2,254. Tofauti ni kalori 287 kila siku, karibu 2,000 kwa wiki. Mazoezi yako manne, kwa hesabu ya Mizani, ni 520 kwa wiki. Yaani kwa kubofya mstari mmoja umejihesabia mara nne ya ulichofanya, na kama saa nayo imeunganishwa, inaongeza 310 nyingine juu kila kikao. Chagua "sina mazoezi", kata muunganisho wa saa, ingiza mazoezi kwa mkono.

Ukitaka kuzila, kula nusu: 65 kwa kikao. Ukiwa huna njaa, usile kwa sababu ya namba. Na ile habari kwamba mwili unaendelea kuchoma saa nyingi baada ya mazoezi ni kweli, ila ni kidogo. Kwa kikao kama chako ni kalori 10 au 20, zimo ndani ya kosa la makadirio.

Kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Kwa 520 kwa wiki inachukua wiki 15 hivi ukitegemea mazoezi peke yake, na bado nakusihi usiyaache, kwa sababu yanainua lile dari. Dari likipanda kutoka MET 8 hadi 10, unaweza kushikilia MET 6 badala ya 5 na kusimama mara chache. Hapo ndipo nusu saa ileile inapoanza kukupa kalori 200 na zaidi.

Anza_Polepole

Nimeelewa, muunganisho nimeukata. Jaribio la stuli nilirudie baada ya muda gani?

Pumzi_Mbili

Kila wiki nne, saa ileile ya siku, kabla ya kahawa na angalau saa mbili baada ya kula, kwa stuli ileile. Weka kilo za siku hiyo kwenye hesabu. Mapigo yakishuka kutoka 148 hadi 138 kwa kazi ileile, dari limepanda. Kizidishio nacho kitakuwa kimebadilika, kipige upya.