Chuo cha Uingereza kimeng'ang'ania milioni 14 za mdogo wangu, na viza yenyewe hata hakuwahi kuiomba

Wakuu, nawasalimu. Nimekaa na hili jambo tangu mwezi wa tisa mwaka jana nikijaribu kulimaliza kimya kimya kwa barua pepe. Nimeshindwa. Naliandika hapa nikiwa na hasira, na mtanisamehe uzi ukiwa mrefu.

Mdogo wangu ni muuguzi. Amefanya kazi miaka mitano hospitali ya wilaya, na ndoto yake ilikuwa shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Februari 2025 akaomba chuo kimoja England kupitia wakala wa Dar. Ofa ikaja siku ya nne. Siku nne tu! Hakuna aliyempigia simu, hakuna aliyeuliza nani atamlipia wala hela ziko kwenye akaunti ya nani. Walitaka transkripti, vyeti, pasipoti na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, basi. (Hiyo IELTS nayo ina uchungu wake. Mtu kasoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, ila Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi zinazohesabika kuwa za Kiingereza, kwa hiyo kalipie mtihani, na cheti chake baada ya miaka miwili hakifai tena.)

Chini ya barua ya ofa kulikuwa na akaunti ya benki. Tuma pauni 4,000 kushika nafasi. Kwa hela zetu za madafu ilikuwa kama milioni 14. Mama akauza kiwanja Uyole, nyingine tukachangishana. Tukatuma kwa TT, yaani benki kwa benki kwenda nje, zikafika pungufu pauni 22 kwa sababu benki za njiani zilikata chao. Ndani ya siku mbili barua pepe ikaja: malizia pauni 22. Naomba hiyo kasi muiweke akilini. Siku mbili kwa pauni 22.

Baada ya kumalizia, kimya cha wiki tatu. Ndipo maswali yakaanza, yale ambayo mtu mwenye nia njema angeyauliza siku ya kwanza. Kwanza mahojiano ya video: kwa nini chuo hiki, kwa nini usisome kwenu, utarudi kufanya nini. Akafaulu. Wakataka kipimo cha TB, akapima mwezi wa sita. Halafu wakasema tuma stetimenti ya benki, ndipo tutoe CAS. Kwa asiyeijua, CAS ni uthibitisho wa chuo wenye namba maalumu, na bila hiyo namba huwezi hata kuanza kuomba viza ya mwanafunzi.

Sasa sikilizeni kilichotumaliza.

Sheria ya viza inataka uonyeshe ada iliyobaki pamoja na hela ya kuishi. Kwa walioomba kipindi kile, nje ya London ilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi kwa miezi 9, yaani pauni 10,224. Ukijumlisha na ada iliyobaki unazungumzia zaidi ya milioni 70. Hela zote hizo zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Sawa, nchi ni yao, sheria ni zao. Tena hela zilikuwepo. Baba mdogo ana mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, aliuza stoo nzima na hela zilikaa kwake zaidi ya miezi miwili.

Jibu la chuo, lililochukua siku 19 kuja: akaunti inayokubalika ni ya mwanafunzi mwenyewe, mzazi au mlezi wa kisheria. Baba mdogo hayumo. Tukaandika kwamba baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la tatu, na huyu ndiye aliyemlea, akamlipia ada na kumtoa siku ya send-off yake. Wakajibu leteni hati ya mahakama ya ulezi. Wakuu, nani kwetu anakwenda mahakamani kuomba karatasi ya kumlea mtoto wa kaka yake? Baba mdogo ni baba.

Lakini ugomvi wangu hauko kwenye sheria. Sheria hiyo imeandikwa, chuo kinaijua kwa moyo, na wakala anaijua. Kama Februari mtu mmoja angeandika sentensi moja, "hela ziwe kwenye akaunti yako au ya mzazi", baba mdogo angezihamisha siku hiyo hiyo na leo tungekuwa tunaongea mengine. Walikaa nayo miezi sita na pauni 4,000 zetu mkononi.

Tukahamishia hela kwa mdogo wangu tarehe 11 Agosti. Siku 28 zinatimia tarehe 7 Septemba. Siku ya mwisho ya chuo kutoa CAS ilikuwa 29 Agosti. Tukaomba waongeze siku tisa, tu. Wakakataa, wakasema kozi haina mhula wa Januari, asubiri Septemba 2026, na ada ya mwaka huo imepanda. Cheti cha TB kinadumu miezi sita, kwa hiyo apime upya. Ruhusa ya masomo aliyokuwa amepewa na mwajiri, aliyoihangaikia kwa mkurugenzi wa halmashauri karibu mwaka mzima, nayo ikapita.

Basi turudishieni hela. Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Masharti yao yanasema malipo ya kutanguliza yanarudishwa mwanafunzi akinyimwa viza, na alete barua ya kunyimwa. Mdogo wangu hana barua ya kunyimwa viza kwa sababu hakuomba viza. Hakuomba viza kwa sababu wao hawakumpa CAS. Nimeliandika hili kwa idara ya udahili, ya fedha na ya malalamiko, na zote tatu zimenirudishia aya ile ile ya masharti.

Linganisheni na serikali yao, ambayo sisi ndiyo huwa tunaiona katili. Mwombaji wa uzamili wa mwaka mmoja hulipa ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza hiyo inazidi mwaka, inahesabiwa mwaka na nusu, yaani pauni 1,164. Ukinyimwa viza, ada ya viza yenyewe imekwenda (mwaka 2025 ilikuwa pauni 524), lakini ile ya afya inarudi. Uhamiaji wanamrudishia mtu waliyemkataa. Chuo kilichoandika "tunafurahi kukukaribisha" hakirudishi.

Nimejaribu kuelewa kwa nini wanafanya hivi, na nilichokipata kimenikasirisha zaidi. England ada ya mwenyeji wa shahada ya kwanza imewekewa kikomo na serikali. Ilikwama kwenye pauni 9,250 tangu 2017 hadi 2025 ilipopanda kuwa 9,535. Ada ya mgeni haina kikomo. Kwa hiyo pengo la bajeti linazibwa na sisi, na ndiyo maana ofa inatoka siku ya nne. Lakini upande wa pili, chuo chenye leseni ya kudhamini viza kinapimwa: wakati ule, waombaji wake wakinyimwa viza kufikia asilimia 10, leseni ilikuwa hatarini. Mei 2025 serikali ikatangaza inataka kukishusha kiwango hicho hadi asilimia 5. Vyuo vikaingia woga. Yeyote mwenye doa hata dogo kwenye karatasi, wanamkataa wenyewe kabla uhamiaji hawajamkataa, ili hesabu yao ibaki safi. Anayekataliwa hivyo hayumo kwenye takwimu yoyote ya kunyimwa viza. Hela yake tu ndiyo imo kwenye vitabu vyao.

Wakala naye msimsahau. Alituambia huduma yake ni bure. Ni bure kwetu kwa sababu chuo humlipa kamisheni mwanafunzi akishasajiliwa. Mdogo wangu aliposhindwa kwenda, kwa wakala akawa hana thamani tena. Meseji zangu zina tiki mbili za bluu tangu Septemba.

Kuna watakaosema mlisaini masharti. Ndiyo, alisaini, yako kurasa 31 na nimeyasoma yote mara mbili. Hakuna palipoandikwa kwamba chuo kinaweza kukaa na hela yako miezi ndipo kianze kukuchunguza. Kagueni kwanza, mahojiano na stetimenti na kila kitu, ndipo mpokee hela. Kama mnaweza kugundua pauni 22 zimepungua ndani ya siku mbili, mnaweza kugundua jina la mwenye akaunti kabla ya kuchukua kiwanja cha mama yangu.

Mdogo wangu amerudi zamu za usiku. Haongelei tena hii kozi, na mama akiuliza anabadilisha mazungumzo.

Ninachoomba kwenu: kama kuna aliyewahi kurudishiwa malipo ya kutanguliza bila barua ya kunyimwa viza, aeleze aliandika nini na alimwandikia nani. Kuna ofisi huru ya England inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi, inaitwa OIA, lakini ninavyoisoma inahudumia waliokwisha kusajiliwa, na wetu hakufika huko. Mwenye uzoefu na njia nyingine, hata ya mwanasheria, aniandikie hapa hapa ili na wengine wasome. Barua zote ninazo, kuanzia ya ofa hadi ya mwisho.