Hekalu la Suleimani lilikuwa dogo kuliko godauni la pamba? Nisaidieni

fundi_kenchi

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi wa kuezeka, na Jumapili nafundisha watoto kanisani kwetu huku Kanda ya Ziwa. Wiki iliyopita tulifika 1 Wafalme sura ya 6, nikaona kuwasomea namba tupu ni kuwalaza usingizi, bora niwatoe nje tukapime. Dhiraa ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mkono wangu ulitoa sentimita 46. Tukabeba kamba na vigingi hadi uwanja wa mpira: urefu dhiraa 60, upana dhiraa 20. Kimo ni 30, hiyo niliwaonyesha kwa kidole juu ya mwembe.

Tulipomaliza kuvuta kamba watoto walinyamaza. Mita 27 na ushee kwa mita 9. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, ndilo hili tu? Godauni la pamba la pale stendi ni kubwa." Na kweli ni kubwa, bati zake nilizipiga mimi.

Nikajifanya nakohoa. Lakini usiku nilirudi kwenye Biblia, na sura ya 7 ikanimaliza kabisa. Hekalu lilichukua miaka 7. Nyumba zake mwenyewe Suleimani alizijenga miaka 13, na lile jumba aliloliita la Mwitu wa Lebanoni lilikuwa dhiraa 100 kwa 50. Yaani mfalme kajijengea kubwa kuliko ya Mungu? Halafu tunaimba fahari ya hekalu. Nimekosea kipimo, au kuna kitu sikioni? Jumapili wataniuliza tena, nawajua.

msomaji_wa_jioni

Kipimo hujakosea. Wapo wanaotumia dhiraa ya kifalme, sentimita 52 hivi, ukifuata hiyo unapata kama mita 31 kwa 10. Bado godauni lako linashinda.

Ulichokosea ni kuwaingiza watoto ndani ya kamba. Wewe umepima kanisa, mahali pa watu kukaa. Ile haikuwa nyumba ya kukaa watu, ilikuwa nyumba ya Mungu kukaa. Watu walibaki uani, kwenye madhabahu na moshi, wakiutazama mlango. Kuhani ndiye aliyeingia chumba cha katikati. Kile cha ndani kabisa, Patakatifu pa Patakatifu, Walawi 16 inasema kuhani mkuu peke yake, na ni kwa siku moja ya upatanisho kwa mwaka.

Kuna mahali kaskazini mwa Syria panaitwa Ain Dara. Hekalu la hapo si la Waisraeli, ila mpango wake unafanana sana na wa 1 Wafalme: ukumbi wenye nguzo mbili, chumba kirefu, kisha chumba cha ndani. Pale kizingitini wamechonga nyayo za binadamu kwenye mawe, kila wayo karibu mita moja. Mbili zimesimama pamoja, kisha ya kushoto mbele, kisha ya kulia, zote zinaelekea ndani. Hakuna za kutoka. Huhitaji mtu wa kukufafanulia mwenye nyumba ni nani. (Mahali hapo palipigwa kwa ndege za kivita Januari 2018, nusu yake ikasambaratika. Inauma.)

Sasa rudi Yerusalemu na chumba cha ndani. Dhiraa 20 kwa 20 kwa 20, pande zote sawa kama kipande cha sukari. Ndani makerubi wawili wa mti wa mzeituni waliofunikwa dhahabu, kila mmoja kimo cha dhiraa 10, mabawa yanagusana katikati na kugusa kuta huku na huku. Chini ya mabawa sanduku la agano, na ndani ya sanduku mbao mbili za mawe za Musa, basi. Na siku ya kuzindua, Suleimani anasema Bwana amenena kwamba atakaa katika giza nene. Dhahabu yote ile, gizani. Mfalme mwingine angeweka dhahabu pale wageni wanapopita.

mpwani_wa_zamani

Assalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, na Nabii Suleiman ni wetu pia, kwa hiyo niruhusuni nichungulie. Kwenye Qurani, sura ya 34 iitwayo Saba, aya ya 12 na 13, Mwenyezi Mungu anataja chemchemi ya shaba iliyoyeyuka aliyotiririshiwa, na majini waliomfanyia kazi: mihrabu, masanamu, masinia makubwa kama mahodhi. Ninyi mna ile Bahari ya shaba iliyobebwa na ng'ombe 12, dhiraa 10 toka ukingo hadi ukingo. Naona tunatazama karakana moja. Na jina tunaloliita Yerusalemu, Baitul Maqdis, kwa Kiebrania nao wanasema Beit ha-Mikdash, yaani hekalu lenyewe.

Lakini nimekuja kwa ajili ya fundi. Baba yangu alikuwa anatengeneza nyumba za mawe, zile za kale. Mtu akiingia hushangaa: mbona chumba kirefu hivi halafu chembamba? Jibu liko juu. Dari inalala kwenye boriti za mkoko, na boriti ya mkoko haizidi mita tatu hivi. Urefu wa nyumba utautaka wewe, upana anaamua mkoko.

Sasa fundi, niambie. Umesema upana ni mita 9. Ndani kuna nguzo?

fundi_kenchi

Ngoja nikaangalie.

fundi_kenchi

Mpwani umenikosha. Nimesoma sura ya 6 yote mara mbili, hakuna nguzo ndani. Zile mbili za shaba, Yakini na Boazi, zimo sura ya 7 na zinasimama mbele, ukumbini. Ndani ni wazi, ukuta kwa ukuta, mita 9, boriti na mbao za mierezi juu. Halafu lile jumba la mfalme, kumbe limejaa nguzo za mierezi, mstari wa tatu unasema 45! Ndiyo maana limeweza kuwa pana. Hilo ndilo godauni. Nguzo kila hatua, kama langu la pale stendi.

Jamani, mita 9 bila nguzo. Mimi leo upana huo naufanya kwa kenchi, naunga mbao kwa misumari kwa sababu hakuna muuza mbao mwenye kipande kirefu hivyo. Wao walilaza mti mzima. Sasa naelewa kwa nini alimtafuta Hiramu mfalme wa Tiro. Mwerezi wa Lebanoni unapita mita 30 ukiachwa ukue. Wakaufunga magogo na kuyaeleza baharini hadi Yafa, kisha kuyapandisha milimani hadi Yerusalemu.

Na kuna jambo lingine nililiruka siku zote, mstari wa 6. Vile vyumba vya ubavuni vya ghorofa tatu: cha chini upana dhiraa 5, cha kati 6, cha juu 7. Ukuta wa hekalu unapungua unene kila unapopanda, ili boriti zikae juu ya ule ukingo zisitobolewe ukutani. Ukuta wa Patakatifu haukuingizwa boriti hata moja! Na mawe yalichongwa machimboni, haikusikika nyundo wala shoka wala chombo cha chuma pale nyumbani. Mimi hujaribu kukataza vijana wangu redio tu nikiezeka kanisa, nashindwa.

mama_wa_kwaya

Fundi, nakupongeza, lakini umehesabu boriti, hukuhesabu waliozibeba. Sura ya 5: watu 30,000 wa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, 10,000 kwa zamu, mwezi mmoja Lebanoni na miezi miwili nyumbani. Wachukuzi 70,000. Wachonga mawe milimani 80,000. Na Hiramu analipwa ngano kori 20,000 (kori ni kipimo cha kale cha nafaka) kila mwaka, ngano ya nani kama si ya wakulima? Mwisho wake ni sura ya 12: Rehoboamu, mwana wa Suleimani, anamtuma msimamizi wa shokoa, watu wanampiga mawe hadi kufa, ufalme unapasuka vipande viwili. Nabii Samweli alikuwa ameshawaonya kuhusu mfalme wa namna hii.

Sisemi hekalu lilikuwa baya. Ombi la Suleimani la sura ya 8 huwa linanitoa machozi, pale anapokiri kwamba mbingu zenyewe hazimtoshi Mungu, seuze nyumba hii. Anaomba hata kwa mgeni asiye wa Israeli atakayekuja kuomba akiielekea nyumba hiyo. Ila Jumapili waambie watoto na wale wabeba mawe.

msomaji_wa_jioni

Mama, hapo sina neno. Nikuongezee: zile nguzo mbili za ukumbini Wababeli walizivunjavunja na kubeba shaba yake, mwaka 586 K.K. au 587, wanahistoria wanabishana. Wayahudi waliporudi toka uhamishoni na kuweka msingi mpya, Ezra 3 inasema wazee waliolikumbuka la kwanza walilia kwa sauti kuu, wengine wengi wakapiga kelele za furaha, na mtu hakuweza kutenganisha sauti hizo.

fundi_kenchi

Mama, nimekusikia. Jumapili nachukua tena kamba, ila watoto wote watasimama nje, na ndani naweka kiti kimoja kitupu. Na gogo. Kuna mkaratusi jirani kauangusha, mita 9 kamili nimeupima jana. Nitawaambia waubebe.

mpwani_wa_zamani

Watoto wangapi?

fundi_kenchi

Kumi na saba. Na ni mbichi.