Gokati ya 1960: niipeleke mbioni au niioneshe tu?

MabombaMawili aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina gokati, kile kigari kidogo cha mbio, ya mwaka 1960 yenye injini ya McCulloch MC-10, ile iliyotoka 1959 kwa watengenezaji wa misumeno ya kukatia miti. Nimehangaika nayo miaka miwili, nimeipaka rangi upya, sasa inawaka vizuri, na nimealikwa kwenye mbio za gokati za zamani. Rafiki yangu, ambaye kwa ufundi namwamini kuliko ninavyojiamini, anasema niizungushe polepole watu waione na waisikie, basi, nikishindana nayo nitaiua. Mimi roho inakataa. Art Ingels alipounda gokati ya kwanza kule California mwaka 1956 alichukua injini ya mashine ya kukatia nyasi, akaifunga kwenye fremu ya mabomba, akaondoka nayo. Hakuiunda ikae juu ya zulia. Mnasemaje?

Ringi_Mpya:

Ioneshe tu mkuu. Injini utapata nyingine, ila fremu ya asili ikikunjika imekunjika.

MzeeWaMnyororo:

Nimeziendesha na kuzitengeneza hizi tangu ujana, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Mnaogopa mwendo, lakini kinachozivunja ni matairi. Gokati haina springi, fremu yenyewe ndiyo inayojipinda. Ekseli ya nyuma ni moja, magurudumu yote mawili yanazunguka sawasawa, kwa hiyo kwenye kona lile la ndani lazima linyanyuke kidogo au liteleze. Waliochomelea mabomba ya 1960 walipiga hesabu kwa matairi magumu ya wakati wao. Ukiivisha matairi laini ya leo inang'ang'ania lami, na nguvu yote inaishia kwenye viungo na kwenye stabu, ile pini inayobeba gurudumu la mbele.

Yangu ilikatika stabu ya kulia. Si mbioni, ni siku ya maonyesho, kwenye kona ya taratibu, na matairi mapya niliyokuwa nayaonea fahari. Nililiona gurudumu langu likinitangulia. Nilipookota kipande, sehemu kubwa ya pale palipokatika ilikuwa ya kahawia, kutu tupu, na ukingo mwembamba tu ndio uling'aa kama sarafu mpya. Maana yake ufa ulikuwemo siku nyingi, chini ya rangi yangu nzuri, ukisubiri.

Kwa hiyo usidhani maonyesho ni mapumziko. Injini hizi oili yake imo ndani ya petroli. Ukiachia mafuta ghafla huku magurudumu bado yanaizungusha injini kwa kasi, umeinyima oili, na pistoni inakwama. Ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa wakifika mwisho wa mstari ulionyooka wanaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, kufumba na kufumbua, ili injini inywe mafuta mengi kabla ya kona. Kiganja kinatoka kimelowa, kinanuka mafuta ya nyonyo. Hilo hulifanyi ukiwa kwenye gwaride. Mbio ndizo zinazokufundisha.

Jibu langu: shindana nayo. Ila vaa matairi magumu, pima stabu zote mbili, na ukubali kuingia na gokati za umri wake tu. Hazina kinga ya ubavuni. Gurudumu lako la mbele likiingia kati ya magurudumu ya mwenzako, linaparamia la kwake na unarushwa juu, na mkanda hauna. Nataka nijue ninayebanana naye ni nani.

KabuRetaSafi:

Naongeza kwa Mzee. Kama gokati bado ina rangi yake ya kwanza na inajulikana nani aliishindania, hiyo iacheni. Tengeneza nakala ya fremu ukashindane nayo. Ya bwana huyu keshaipaka rangi upya, hapo sioni cha kulilia.

MabombaMawili:

Mzee, shikamoo, na asante sana. Jana usiku nimekwangua rangi kwenye stabu, nikapaka ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, nikasubiri, nikafuta, nikapulizia ile nyeupe. Ya kulia safi. Ya kushoto, palepale pini inapoungana na kiungo chake, ukajichora mstari mwekundu mwembamba kama unywele, umezunguka karibu nusu. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa ameshika tochi. Hakusema kitu, wala mimi.

Nimewaandikia wenye mbio kwamba safari hii sitakuja. Nachongesha stabu mpya zote mbili, na matairi laini nimeyavua. Mzee, chuma cha kuchongea nitafute cha aina gani?

MzeeWaMnyororo:

Marahaba. Tafuta cha kromoli, yaani chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, na pale pini inapoanzia mwambie fundi asiache kona kali, apalainishe kwa mviringo. Ufa wako ulianzia hapo.