Kurasa 800 za riwaya, halafu mwandishi anavunja sharti lake mwenyewe!

Wakuu, nimemaliza kitabu usiku huu na usingizi umekata kwa hasira. Jina silitaji, aliyekisoma atakijua. Ambaye bado na ana hamu nacho apite, nafichua mpaka mwisho.

Nikiri kwanza, kilinikamata. Kwenye dunia ile uchawi una gharama: ukiutumia mara moja, kumbukumbu yako moja inakutoka na hairudi. Sura ya tatu, yule kijana anazima moto uliozingira kijiji chao, kisha anafika mlangoni kwa mama yake akiwa na masizi mpaka kwenye kope. Anamwambia, "Samahani mama, hapa ni kwa nani?" Lile "mama" ni lile la kumwitia mwanamke yeyote unayekutana naye njiani, na mwenyewe analisikia hivyohivyo. Anamchotea maji ya kunawa, hasemi kitu. Niliweka kitabu chini nikashusha pumzi.

Sasa niambieni, aliyeandika ukurasa ule ndiye aliyeandika vita vya mwisho? Kijana anatumia uchawi mara kumi na moja. Nimehesabu, kwa kalamu, pembeni ya kurasa. Hakusahau hata jina la farasi! Tena akishashinda anarudi nyumbani anaimba wimbo wa utotoni, ule ule uliomtoka sura ya tatu. Eti mapenzi yameurudisha. Mapenzi gani, na sharti lilikuwa la nini?

Msiniambie fantasia haina kanuni. Shaaban Robert kwenye Adili na Nduguze, 1952, alimpa Adili sharti la kuwachapa kila usiku ndugu zake waliogeuzwa manyani. Anawachapa huku machozi yanamtoka, akimaliza anawabembeleza. Kesho tena. Kile ni kitabu chembamba, na kile kiboko unakiamini kuliko majeshi yote ya huyu bwana.

Mengine ningeyameza. Falme tisa, sawa. Majina yenye vituo vitatu katikati kama mtu mwenye kwikwi, sawa. Ramani ni nzuri, sikatai, ingawa nusu ya ile miji hakuna mhusika aliyeikanyaga. Kurasa sitini za ukoo wa wafalme nilizisoma zote (mjinga mimi) nikidhani kuna mahali zitanifaa.

Na kuna watu watakuja hapa kusema subiri kitabu cha pili, huenda kuna siri. Siri ipi? Msomaji aliyelia sura ya tatu amedhulumiwa kwenye kitabu hikihiki.

Nimefungua orodha ya wahusika kule nyuma. Farasi wa mfalme yupo, na baba yake farasi yupo. Yule mama simwoni. Kuna aliyekutana na jina lake popote? Nitajieni ukurasa.