Naomba ushauri wa nguruwe: watoto wenye ngiri (utumbo kushukia kwenye korodani) na wasio na tundu la haja kubwa, nianze kuondoa nani?

Wakuu, habari za Mbozi. Nina nguruwe majike sita na dume mmoja. Kati ya watoto 58 wa mzao uliopita, madume wanne wana ngiri ya korodani na wawili walizaliwa bila tundu la haja kubwa. Wote sita wametoka kwa majike watatu, na wawili kati ya majike hao ni mabinti wa dume huyohuyo, yaani walipandwa na baba yao. Hapo naona kosa kubwa.

Kasoro hizi hubebwa na vinasaba vingi, vya baba na vya mama, kwa hiyo kumchinja dume peke yake hakutoshi. Ndugu zao wazima nao wanaweza kuwa wabebaji, hivyo sibakizi mtamba wala dume wa mbegu humo. Wenye ngiri hawahasiwi kienyeji. Njia ambayo utumbo hushukia isiposhonwa, utumbo hutoka.

Waliotanuka miguu ya nyuma sijawahesabu, maana sakafu inayoteleza na mahindi yenye ukungu navyo huchangia.

Je, niwapandishe majike hao watatu kwa dume asiye na undugu nao nione, au niwaondoe sasa? Na kati ya Uyole na Tunduma, nani ana dume mwenye rekodi za mizao?