Kumhoji mtu sababu za imani yake: kweli humbadilisha?

Kidadisi: Wakuu, kuna hii mbinu ya kuuliza badala ya kubishana. Mtu anasema chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inafunga kizazi. Wewe humpi takwimu, unamuuliza amejuaje. Inabadilisha mtu kweli, au ni ubishi uliovaa kanzu? Na inafanywaje?

Mchokonozi: Inafanya kazi, ila si papo kwa papo. Omba ruhusa kwanza, kisha shika dai moja. "Chanjo ni mbaya" halishikiki. "Binti akichomwa HPV hatazaa" linashikika. Lirudie kwa maneno yako mpaka aseme "eeh, hapo umenipata". Wengi huruka hatua hii, na ndiyo maana wanaambulia matusi.

Halafu: kuanzia 0 hadi 10, una uhakika kiasi gani? Tuseme kasema 8. Uliza "mbona si 10?" Hapo ataanza kutaja mashaka yake mwenyewe. Ukiuliza "mbona si 4?" umemkabidhi kazi ya kujitetea. Swali hilo la pili ni la washauri nasaha wa watu wanaotaka kuacha pombe: kule wanataka mtu ataje sababu za kubadilika, wewe huku unataka ataje zinazomtia shaka.

Sasa sababu yake kuu. "Hii ikionekana si kweli, 8 yako itashuka?" Akisema haishuki, basi siyo iliyobeba imani yake. Tafuta nyingine, dakika zako nyingi ziishie hapa. Mara nyingi utakuta ni ujumbe uliosambazwa WhatsApp. Uliza: mwingine akipokea ujumbe unaosema kinyume, tutajuaje upi wa kweli? Kisha nyamaza. Akikaa kimya sekunde 10 usimwokoe, anafikiri.

Kipimo: Naongeza ushahidi, maana mbinu hii husifiwa kupita kiasi. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulidai kwamba watu wakiombwa waeleze sera inavyofanya kazi, hatua kwa hatua, wanalegeza msimamo. Mwaka 2021 wengine wakaurudia mara 3: watu waligundua kwamba hawaelewi kama walivyodhani, ila msimamo haukulegea. Kwa hiyo kumwonyesha mtu pengo ni jambo moja, kumhamisha ni jingine.

Kilichohamisha watu ni mazungumzo ya nyumba kwa nyumba ya Miami, yaliyochapishwa 2016: wapiga kura 501, kama dakika 10 kila mmoja, kuhusu ubaguzi dhidi ya watu waliobadili jinsia. Athari ilidumu angalau miezi 3. Lakini pale waliombwa pia wakumbuke siku wao wenyewe walipohukumiwa kwa kuwa tofauti. Majaribio ya 2020 yalipoondoa kusimuliana visa na kubakiza hoja tupu, athari haikuonekana.

Mwanabaraza: Msisahau adabu. "Kwa nini unaamini hivyo?" kwa mzee ni kama polisi anaandika maelezo. Baada ya shikamoo, sema "nifafanulie mzee wangu, ilikuwaje ukafikia hapo?" Swali ni lilelile, halina makucha. Na usifanye kwenye kundi: mbele ya watu anatetea uso wake, si dai lake. Mfuate inbox. Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alihoji wakubwa wa Athens hadharani, vijana wakicheka pembeni. Mwaka 399 KK wakamnywesha sumu.

Kidadisi: Nimewapata. Na akisema 10 kavu?

Mchokonozi: Basi "mbona si 10" haina kazi. Uliza nini kingeishusha hadi 9. Akitaja kitu, hata kidogo, fuata hicho hicho. Akisema hakuna kabisa, mshukuru, ongeeni mpira. Ukimrudia wiki ijayo, anza na ile namba.