Msitu wa aina moja ya mti unaweza kuitwa wa asili?

Mpima Shina
Wakuu, tujadili hili bila jazba. Siku hizi uasilia wa msitu unapimwa kwa mambo mawili: aina za miti ni ngapi, na vichwa vya miti vimepangikaje, yaani matabaka, mapengo, na urefu unavyopishana. Kuna mtambo wa laida uliopelekwa kituo cha anga za juu mwishoni mwa 2018. Unapiga mwanga chini, mwanga unarudi, na unakuonyesha miti ina kimo gani na majani yamekaa tabaka lipi. Msimamo wangu: aina nyingi, matabaka mengi, huo ni msitu wa asili. Aina moja, kimo kimoja, hilo ni shamba hata likiitwa msitu kwenye makaratasi. Anayepinga alete hoja.

Hondohondo
Napinga. Nenda Ituri, Kongo, kuna mti unaitwa mbau (Gilbertiodendron dewevrei). Kuna sehemu huo mti mmoja umeshika zaidi ya asilimia 60 ya miti mikubwa, kwingine karibu yote. Ndani ni giza. Chini majani makavu yamelundikana tabaka nene kwa sababu yanachelewa kuoza, na humo humo miche ya mbau imesimama kivulini inasubiri zamu yake. Mbegu zake kubwa, nzito, zinaanguka hapo hapo chini ya mama. Kwa kipimo chako hilo ni shamba. Shamba la nani?

Mzee wa Msumeno
Kabla hatujafika Kongo. "Shamba hata likiitwa msitu." Sisi tunaopanda mikaratusi na misindano tumekukosea nini, kijana? FAO wenyewe, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema nusu hekta, miti ya kufikia mita 5, kivuli asilimia 10, huo ni msitu. Mlango unaofunga usiku ni wa mbao, nguzo ya umeme ni mkaratusi, halafu unakuja hapa kututukana.

Binti Mlilana
Shikamoo mzee. Hujatukanwa. FAO kweli wanayahesabu mashamba ya miti kuwa misitu, lakini wana kundi la peke yake la msitu ambao haujaguswa: miti ya asili ya pale, imejiotea, na hakuna dalili za wazi za mkono wa mtu. Kwenye tathmini ya 2020 kundi hilo lilikuwa kama hekta bilioni 1.11 kati ya bilioni 4.06 za misitu yote. Wewe kwenye kundi hilo humo, ila msituni umo.
Mpima Shina, mikoko je? Pwani yote ya Afrika Mashariki aina zake ni kama 10 tu, na zinajipanga kwa mikanda kufuata maji. Mlilana mbele kabisa unapigwa na bahari, wengine nyuma yake. Huo nao ulipandwa?

Kichwa Kigumu
Mzee anataka shamba lake liitwe msitu. Msitu gani unakausha mto?

Mzee wa Msumeno
Nilijua tu. Kila mada ya miti lazima atokee mtu wa "mikaratusi inakunywa maji". Mti gani haunywi maji? Mwembe unakunywa soda?

Nyuki Dume
Mzee, hilo limepimwa. Mokobulaan, Afrika Kusini, walipanda mikaratusi kwenye bonde dogo la kijito. Mwaka wa 9 kijito kikakauka kabisa. Miti ilipofika miaka 16 wakaikata yote, na bado ilichukua miaka mingine kama 5 maji yakarudi kutiririka mwaka mzima. Ndiyo maana sheria yao ya maji ya 1998 inahesabu kupanda miti ya biashara kuwa ni kupunguza maji ya mto.

Mzee wa Msumeno
Malizia hadithi yote basi. Lile lilikuwa bonde la NYASI. Na bonde la jirani walipanda misindano, nalo likakauka, ilichelewa tu hadi mwaka wa 12. Kwa hiyo kosa ni la mkaratusi, au ni la kutoa nyasi na kuweka miti?

Kichwa Kigumu
Kwa hiyo unakubali miti inakausha.

Mzee wa Msumeno
Nakubali hujui kusoma.

Nyuki Dume
Haya, maji tuyaache. Kuna jambo limerukwa juu kule. Msitu ukikatwa kiasi, mwanga ukaingia, miti inayokua haraka inaota katikati ya ile ya zamani, na idadi ya aina INAPANDA. Mwanaikolojia Connell aliliandika hili mwaka 1978: msukosuko wa wastani ndiyo unaoleta aina nyingi. Kwa hiyo msitu ulioguswa unaweza kumshinda jirani yake ambaye hajaguswa. Sasa kuhesabu aina kunatuambia nini?

Kichwa Kigumu
Mwembe kunywa soda 😂😂

Mpima Shina
Jamani, mada. Nilichosema tangu mwanzo ni kwamba umbo halidanganyi. Kuna msitu wa Uholka kule Ukraine, miti ya aina moja asilimia 97, na wataalamu wanaukubali kuwa wa asili. Kwa nini? Wazee na watoto wako pamoja, mapengo madogo madogo kila mahali, magogo yanaoza chini. Shamba halina hayo.

Binti Mlilana
Kaka, tangu mwanzo ulisema aina NA umbo. Tupo wote hapa, tunasoma.

Hondohondo
Hapo kwenye magogo nakubaliana naye. Jitu likianguka lenyewe linang'oka na udongo wake, linabaki shimo huku na kichuguu kule, uyoga unapanda kwenye gogo, na miche inaota juu ya gogo lenyewe. Mti uliokufa ukiwa bado umesimama una matundu ya ndege. Sasa hilo laida la angani linaona pengo tu. Haliwezi kukuambia kama mti ulianguka au uliangushwa.

Binti Mlilana
Na wala halikuambii mti umetoka wapi. Amani, Usambara Mashariki: Wajerumani walianzisha taasisi yao mwaka 1902 wakapanda miti kutoka kila pembe. Mmoja ni mhesi. Si mgeni Tanzania, upande wa magharibi upo wenyewe, ila Usambara ni mgeni. Baadaye msitu ukakatwa mbao, mapengo yakawa mengi, mhesi ukajaa. Ukiutazama kutoka juu ni mrefu, umechanganyika, umependeza. Na waliosambaza mbegu, samahani Hondohondo, ni ndugu zako, ndege wa jina lako.

Hondohondo
Tulikula matunda. Hatukuleta mche kwenye meli.

Nyuki Dume
😂 Sawa, na kaya za Wamijikenda? Zimo kwenye urithi wa dunia tangu 2008. Ni vijiji vilivyokuwa na ngome, watu waliishi ndani, wakahama, wazee wakalinda kwa miiko. Leo ni kati ya misitu yenye aina nyingi kabisa pale pwani. Wa asili, au si wa asili?

Mzee wa Msumeno
Hapo sasa. Basi na mimi shamba langu nikiliacha, wajukuu wakaweka miiko, litakuwa kaya?

Binti Mlilana
Mzee, kaya haikuanza na miche ya mstari. Miti ya pale ilikuwepo kabla ya watu, wakaibakiza pembeni, ikarudi katikati yenyewe. Wewe ukiacha, mikaratusi itachipua kwenye visiki ile ile uliyoipanda. Itakubidi kwanza ung'oe.

Mzee wa Msumeno
Ning'oe? Binti, ulianza na shikamoo vizuri kabisa.

Mpima Shina
Ambaye hajajibiwa hapa ni Nyuki Dume, ile hoja ya 1978. Kuna wa kuijibu?

Kichwa Kigumu
Mimi bado nasubiri Mzee aseme kijito kilirudi au hakikurudi.